Remmy Ongala na Okestra Yake: Kiswahili Kilichorudi kutoka Maniema

Msafiri atokaye Tegeta kwenda mjini Dar es Salaam hupita katika barabara ya Bagamoyo, njia ambayo wengi wetu twaipita kila siku bila ya kuikumbuka historia yake. Upande wa kaskazini barabara hiyo yaelekea Bagamoyo, bandari iliyokuwa mwisho wa misafara ya karne ya 19. Upande wa kusini yaelekea Mwenge, na kutoka Mwenge si mbali kufika Sinza, ambako kipo kituo cha mabasi kiitwacho Kwa Remmy. Kituo hicho hakikupewa jina la waziri wala la mpigania uhuru, bali la mpiga muziki; na mpiga muziki huyo hakuzaliwa Dar es Salaam wala popote katika nchi ya Tanzania. Alizaliwa Kindu, katika Maniema, Kongo ya mashariki, nchi ambayo misafara ya Bagamoyo ilikuwa ikiiendea. Makala haya yamekusudia kueleza jinsi mtu huyo alivyopata kuwa kiongozi wa okestra iliyosifiwa hata Ulaya, na kuonyesha kwamba habari yake ni sehemu ya historia ya lugha yetu kama ilivyo sehemu ya historia ya muziki.

Yafaa tuanze na neno lenyewe, okestra. Kwa asili yake ya Ulaya ni kundi kubwa la wapiga fidla, zumari, tarumbeta na ngoma, waongozwao na mtu mmoja asiyepiga chombo chochote. Mtu huyo husimama mbele ya wenziwe na kuwapa wasikilizaji mgongo, akawaongoza kwa ishara za mikono na kijiti. Lakini cheo hicho si cha kale sana hata huko kwao. Mwaka 1687 Jean-Baptiste Lully, mkuu wa muziki wa mfalme wa Ufaransa, alikufa kwa jeraha la mguu alilojipiga mwenyewe kwa fimbo ndefu, fimbo aliyokuwa akiigonga chini ili kuwapa wenziwe mapigo. Katika karne iliyofuata kundi liliongozwa zaidi na mpiga fidla wa kwanza, au na mpiga kinanda, yaani mtu aliye miongoni mwa wapigaji. Kiongozi mwenye kijiti alienea katika karne ya 19, na Felix Mendelssohn, aliyekabidhiwa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig mwaka 1835, alikuwa mmoja wa waliokipa cheo hicho heshima kilicho nayo.

Neno hilo lilipofika kwetu lilichukua maana nyingine. Bendi zetu za kwanza za dansi zilipenda kuitwa Jazz: Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Baadaye wakaja wanamuziki wa Kongo, ambao kwa kuwa walitawaliwa na Wabelgiji waliizoea lugha ya Kifaransa, na katika lugha hiyo kundi lolote la muziki wa dansi huitwa kwa neno hilo. Katika miaka ya 1970 Dar es Salaam ikajaa majina kama Orchestra Maquis, Orchestra Makassy, na DDC Mlimani Park Orchestra iliyoanza mwaka 1978. Hapakuwa na fidla ndani yake. Palikuwa na magitaa, besi, ngoma, tumba na saksafoni. Na kiongozi wake aliwageukia watu, akapiga na kuimba. Kwa desturi hii bendi zetu zafanana na zile okestra za Ulaya za kabla ya kijiti, kwa kuwa kiongozi ni mmoja wa wapigaji. Zatofautiana nazo kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba kiongozi wa kwetu aongoza kwa maneno. Yeye ndiye mtunzi wa shairi, ndiye mwimbaji, na mara nyingi ndiye msemaji anayeusimamisha wimbo katikati ili awaonye watu. Kwa hiyo atakaye kumpima kiongozi wa namna hii hana budi kuipima lugha yake.

Lugha ya Remmy Ongala ilikuwa na safari ndefu kabla yeye hajazaliwa. Katika miaka ya 1860 na 1870 wafanyabiashara wa Unguja na mrima walivuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji wakaingia Maniema kutafuta pembe za ndovu. David Livingstone aliwakuta Nyangwe mwaka 1871. Verney Lovett Cameron alikutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mwaka 1874. Na mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipatana naye amsindikize katika safari ya kuufuata mto Lualaba. Wasomaji wengi wanakijua kitabu cha maisha ya Tippu Tip alichokitunga mwenyewe kwa Kiswahili, ambacho Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikichapa katika miaka ya 1958 na 1959. Haifai kuipamba habari hiyo. Biashara ile iliambatana na vita na utumwa, na watu wengi wa Maniema walikisikia Kiswahili kwanza katika kinywa cha mtu mwenye bunduki.

Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 viliumaliza utawala wa wafanyabiashara hao katika Kongo, lakini lugha haikuondoka pamoja nao. Wenyeji waliokaa katika miji ya Kasongo na Nyangwe na kufuata mavazi na desturi za pwani waliitwa waungwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Kilitumika sokoni, misikitini, katika vituo vya reli na katika mashua za mto Lualaba, ambao Kindu iko ukingoni mwake. Wataalamu wa zamani waliokiandika mara nyingi walikitaja kwa dharau kidogo, kama kwamba ni Kiswahili kilichoharibika njiani. Tangu mwaka 1930, ilipoanzishwa Kamati ya Lugha na Kiunguja kikafanywa msingi wa Kiswahili Sanifu, dharau hiyo ilizidi, kwa kuwa sasa palikuwa na kipimo kimoja, na Maniema ilikuwa mbali na kipimo hicho.

Katika Kindu hiyo alizaliwa, mwaka 1947, Ramazani Mtoro Ongala. Jina lake kamili lajieleza lenyewe kwa mtu wa lugha. La kwanza ni jina la Kiislamu lililofika bara pamoja na misafara, na z iliyo mahali pa dh ni tamko la Kongo. Huku kwetu twasema Ramadhani. Mtoro ni jina lijulikanalo sana pwani, na wasomaji watamkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Ongala ni jina la Kongo kwenyewe. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mama yake alikuwa amefiwa na watoto kabla yake, kwamba yeye alizaliwa na meno mawili, na kwamba mganga aliagiza mtoto huyo asinyolewe nywele. Alipokuwa mtu mzima alifuga nywele ndefu za misokoto, na wapenzi wake wakamwita Dokta.

Aliondokewa na wazazi mapema, na elimu yake ya shule ikawa fupi. Nyakati zenyewe zilikuwa za taabu. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, na mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliiteka Kindu. Katika miaka hiyo hiyo kijana Ongala alikuwa amekwisha kuingia katika muziki, akipiga ngoma katika bendi ya Bantu Success, kisha akageukia gitaa na kuimba. Alizunguka Kongo ya mashariki, akaingia Uganda na Kenya, akiishi maisha ya mpiga muziki wa hoteli ambaye leo analala hapa na kesho pale. Mwaka 1978 mjomba wake Mzee Makassy, aliyekuwa na okestra yake Dar es Salaam, alimwita aje ajiunge nayo. Ndivyo alivyofika pwani, kwa njia ile ile ya mashariki ambayo pembe za ndovu zilipita miaka mia iliyotangulia.

Miongoni mwa tungo zake za kwanza katika Orchestra Makassy ni ule wimbo uitwao Siku ya Kufa. Mwanzo wa miaka ya 1980 okestra ya Makassy ilihamia Nairobi. Remmy akabaki Dar es Salaam na kuingia katika Orchestra Matimila, ambayo chini ya uongozi wake ilijulikana kwa jina la Super Matimila. Huko ndiko alikokuwa kiongozi kwa maana tuliyoieleza juu.

Ili tuelewe kazi hiyo yatupasa tutazame jinsi wimbo wa dansi unavyojengwa. Kwa kawaida wimbo una sehemu mbili. Katika ile ya kwanza mwendo ni wa taratibu, mwimbaji anatoa beti zake na wenzake wanaitikia, na magitaa yanakaa nyuma ya sauti. Katika sehemu ya pili muziki huchemka: gitaa la solo hutangulia, la kati na la rithim hufumana nalo, mpiga tumba huongeza kasi, na watu wote huinuka kucheza. Kiongozi ndiye aamuaye ni lini daraja hilo livukwe. Akivuka mapema, maneno hayajaingia katika vichwa vya watu. Akichelewa, wachezaji wanachoka kungoja. Remmy alikuwa na desturi ya kuchelewa makusudi. Alisema na watu ndani ya wimbo, akauliza maswali, akatoa mfano, akarudia neno moja mara nyingi hata likawa zito, ndipo akayaachia magitaa. Muziki wake aliuita wa ubongo. Hapana shaka kwamba neno hilo lilikuwa na mchezo ndani yake, kwa kuwa wakazi wa Dar es Salaam wameuita mji wao Bongo kwa maana ya mahali ambapo mtu haishi ila kwa akili.

Neno lililotawala tungo zake ni mnyonge. Mmoja wa nyimbo zake mashuhuri huitwa Sauti ya Mnyonge, na albamu yake ya mwaka 1989 ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya nyimbo za mtu maskini. Neno hili yafaa lichunguzwe. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 unyonge ulitajwa kuwa hali ya taifa zima, hali iliyowafanya watu wetu waonewe na wageni. Kwa hiyo mnyonge alikuwa sisi sote, na mwonevu alikuwa mtu wa nje. Remmy alilitumia neno hilo katika wakati mwingine. Miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika madukani, na mwaka 1986 serikali ilifanya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, biashara ikaachiwa huru, na tofauti kati ya mwenye mali na asiye nayo ikaanza kuonekana wazi mijini. Katika nyimbo zake mnyonge si taifa tena. Ni mtu mmoja katika mtaa, mwenye jirani aliyemshinda kwa mali, na kilio chake kinaelekezwa kwa watu wa nchi yake mwenyewe. Neno halikubadilika umbo lake hata kidogo, lakini aliyenyoshewa kidole amebadilika. Mtu atakayeiandika historia ya msamiati wetu wa siasa bila ya kuzisikiliza nyimbo hizi ataliona Azimio tu, wala hatajua neno lilikokwenda baadaye.

Jambo lililoujaribu uongozi wake kuliko yote lilikuwa wimbo wa Mambo kwa Soksi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania waligunduliwa katika mkoa wa Kagera mwaka 1983, na hata kufika mwanzo wa miaka ya 1990 ugonjwa ulikuwa umeenea nchini. Wakati huo redio ya nchi upande wa bara ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi katika studio zake, na maneno ya kila wimbo yalikaguliwa kwanza. Hapakuwa na kiwanda cha sahani za santuri nchini. Kwa hiyo redio ndiyo iliyokuwa mlango ambao wimbo ulipitia kwenda kwa watu wa mikoani. Remmy alitunga wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu, naye hakuitaja kwa jina bali aliiita soksi. Redio ikakataa kuupiga.

Hapa pana suala la lugha ambalo wasomaji wa makala haya watalitambua mara moja. Kiswahili kina adabu yake katika mambo ya faragha, na adabu hiyo yaitwa tafsida. Hatulitaji jambo kwa jina lake mbele za watu, twalivika nguo. Soksi ilikuwa tafsida ya kawaida kabisa, na kwa kanuni za zamani ilitosha kuyafanya maneno hayo yasikike hata mbele ya wakubwa. Kwa nini basi haikutosha? Kwa maoni yangu ni kwa sababu tafsida hufanya kazi pale msemaji anapotaka jambo lipite bila ya kuonekana, lakini Remmy alitaka lionekane. Alichukua nguo iliyokusudiwa kuficha, akaifanya kuwa alama ambayo kila mtu, mkubwa na mdogo, aliitambua, akaisema kwa sauti kubwa huku magitaa yakichemka. Wakaguzi walioukataa wimbo hawakuwa na ubaya wa moyo. Walikuwa wakiilinda adabu waliyolelewa nayo. Lakini katika ugonjwa ule watu walikuwa wakifa na jambo la kuwaokoa lilikuwa halitamkiki. Wimbo uliendelea kwenda kwa kanda na katika kumbi za dansi, na watu wakaujua. Kwa hiyo iliyohukumu katika shauri hilo haikuwa ofisi ya redio, bali wasikilizaji wenyewe.

Sifa za nje zilikuja katika miaka hiyo hiyo. Kanda ya nyimbo zake ilifika Uingereza kwa waandaaji wa maonyesho ya WOMAD, na mwaka 1988 Super Matimila ilialikwa kupiga Ulaya. Albamu ya Nalilia Mwana ilitolewa huko mwaka huo. Ikafuata ile ya mwaka 1989 tuliyoitaja, na ya mwaka 1992 iitwayo Mambo, zote mbili chini ya kampuni ya Real World iliyoanzishwa na mwimbaji Peter Gabriel. Wazungu waliosikiliza hawakujua Kiswahili. Walisifu magitaa na sauti. Katika albamu ya pili Remmy alijaribu kuwasogelea kwa kuimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, kama No Money, No Life na One World. Katika albamu hiyo hiyo umo wimbo ulioandikwa Inchi Yetu. Mwalimu wa shule angeipiga mstari mwekundu ile i ya mwanzo, kwa kuwa Kiswahili Sanifu chataka nchi. Lakini inchi ndiyo tamko la Kongo. Mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, akapata sifa za ulimwengu, alipotaja nchi yake aliitaja kama walivyoitaja watu wa Kindu.

Katika miaka yake ya mwisho Remmy aliugua, akaacha muziki wa dansi na kuimba nyimbo za dini ya Kikristo. Alifariki dunia tarehe 13 Desemba 2010 katika Dar es Salaam. Sinza, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo, bado ina kituo chake, na makondakta wa daladala hulitaja jina lake mchana kutwa kwa abiria ambao baadhi yao walizaliwa baada ya nyimbo zake kuvuma.

Nini basi tujifunze kwa maisha haya? Tumezoea kuihadithia historia ya Kiswahili kama mto utokao pwani kwenda bara: lugha yazaliwa kwenye visiwa na mrima, yachukuliwa na misafara, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyopungua ubora. Habari ya Remmy Ongala yatuonyesha mwendo wa pili. Kiswahili kilichopelekwa Maniema kwa bunduki na pembe kilikaa huko vizazi vitatu, kikawa cha wenyeji kwa mapenzi yao, kisha kikarudi pwani katika kinywa cha yatima mwenye gitaa, naye akawafundisha watu wa pwani kutaja mambo ambayo wao wenyewe walishindwa kuyataja. Ikiwa lugha yake iliharibika njiani, basi uharibifu huo ulikuwa na manufaa makubwa kuliko usafi wetu.

Pia yatupasa sisi wa vyuo tujiulize tunaihesabu vipi kazi ya namna hii. Beti za tenzi za zamani tumezikusanya, tumezilinganisha na kuzichapa, na ni kazi njema. Maneno ya nyimbo za dansi, ambayo yalisikiwa na watu wengi kuliko utenzi wowote, mengi yamo katika kanda tu, na kanda huharibika kwa joto na unyevu wa mji huu. Yafaa yaandikwe sasa, kama yalivyotamkwa, pamoja na inchi na Ramazani zake, bila ya kusahihishwa. Kijana wa chuo atakayeifanya kazi hiyo hatahitaji kwenda mbali. Na apande basi Tegeta, ashuke Kwa Remmy, aanze kwa kuwauliza wazee wa mtaa ni nyimbo zipi wanazozikumbuka.